Mtu Akija na Kitabu cha Maswali

Al-Murabba,
Riyadh.

Alhamisi, tarehe 7 Februari 2019

Mpendwa mjukuu wangu Monicah, binti wa Nahashon, mtoto niliyembeba mgongoni kabla mama yako hajaweza kusimama vizuri baada ya kukuzaa,

Salamu zangu zikufikie huko Aziziya, na zikukute umekaa, maana najua kazi hiyo haikupi nafasi ya kukaa. Unaendeleaje? Kile kidole ulichounguza kwa pasi kimepona? Na kikohozi? Unakula ukashiba, au unaonja mabaki ukiwa umeegemea friji? Nijibu ukweli, usinijibu kama unavyomjibu mama yako.

Mimi ni mzima. Magoti yaliyokuwa yakinililia kule Kitui huku yamenyamaza, kwa kuwa hakuna kilima cha kupanda wala mtungi wa kubeba. Nikitembea kutoka chumbani hadi dirishani nahisi kama nimeazimwa miguu ya mtu mwingine, na mwenyewe hajaja kuidai.

Anayeandika ni shangazi yako Asumpta. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwapisha asirekebishe neno langu hata moja. Shule sikuiona, lakini mdomo Mungu alinipa kamili. Barua hii itabebwa na Wambua, yule dereva wa lori kutoka Mwingi anayeendesha kati ya Riyadh na Jeddah. Atampa Susan kule Al-Hindawiyah, na Susan atakupa akija kufanya usafi kwenye jengo la jirani yenu. Nimekataa kukuambia mambo haya kwa simu. Simu yako inakaa kwa madam hadi Ijumaa, na ukipewa unaongea ukiangalia mlango. Karatasi itakungoja. Utaisoma ukiwa umetulia, utairudia ukiwa umeogopa.

Hii Riyadh naishi ndani yake kama mtu aliyelala macho wazi. Asubuhi mwanga ni mweupe, kama mtu amemwaga maziwa kwenye kuta. Upepo ukileta vumbi, majengo yanapotea moja moja mpaka nabaki na dirisha tu, halafu jioni yanarudi moja moja, yameoshwa uso. Adhana ikianza inatoka msikiti huu, inaitikiwa na ule, na ule wa mbali kabisa, mpaka nasahau niko ghorofa ya tatu na nahisi niko katikati ya uwanja mpana na watu wote wanaita watoto wao warudi nyumbani. Asumpta na mumewe Protas wakienda kazini nabaki na mashine ya baridi inayonguruma ukutani. Nimeizoea. Nalala mchana kama malkia.

Juzi mchana nililala hivyo kwenye zulia, nikamwona baba yako mdogo Absalom. Tulikuwa kwenye mto wetu wa mchanga, tunafukua maji. Alikuwa amevaa shati jeupe lenye vifungo vingi mno, vimeshuka hadi magotini, na alikuwa anavifunga kimoja kimoja bila haraka. Mimi nimesimama ng'ambo. Nataka kuvuka nimsaidie, lakini kila nikipiga hatua mto unapanuka. Yeye hakunitazama. Alikuwa anaimba. Nilipoamka mashavu yalikuwa yamelowa na moyo ulikuwa mwepesi, sijui vyote viwili viliwezaje kukaa ndani ya mtu mmoja.

Ndoto hiyo ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Sasa tuongee lile lako.

Ijumaa iliyopita uliponipigia ulinong'ona kama mtu aliyejificha ndani ya gunia. Nitakurudishia maneno yako ili ujue niliyasikia. Ulisema amekuja mama mmoja wa utafiti mwenye faili kubwa, anayezunguka nyumba za Jeddah zenye watoto kama Lujaini wako, wale ambao akili yao na mwili wao vimechagua kukua polepole. Asumpta anaita ulemavu wa ukuaji. Kule kwetu tulikuwa na majina mengine, na nitaomba msamaha kwa majina hayo siku nikikutana na Muumba.

Huyo mama akaketi na madam kwenye kochi. Wewe ukasimama na sinia la kahawa. Akauliza, mtoto anavaa mwenyewe? Madam akasema hapana. Anakula mwenyewe? Hapana. Akitumwa kitu anakileta? Maskini, mafi, yaani hakuna, hawezi chochote. Na asubuhi hiyo hiyo, nyuma ya mlango wa jikoni, Lujaini alikuwa amevaa viatu vyake, ameosha kikombe chake, na amekusukumia chapati mbili, moja duara na nyingine kama ramani ya Kitui. Ulizisikia hapana zote. Ukashika sinia, ukanyamaza.

Sasa mama wa maswali anarudi Jumapili tarehe 17 kumalizia. Ikiandikwa kwamba Lujaini hawezi kitu, atabaki nyumbani kama alivyobaki miaka tisa. Ikiandikwa kwamba anaweza, kuna nafasi kwenye darasa jipya ndani ya shule ya kawaida, akae na watoto wengine, na mwalimu wa ziada awe karibu. Nawe umeniuliza: Susu, niseme au ninyamaze?

Najua unachoogopa. Umwache mtoto avae mwenyewe mbele ya watu, madam ataona mfanyakazi mvivu amekaa anatazama. Useme anaweza, umemfanya madam mwongo mbele ya mgeni. Na kuna hofu ya tatu ambayo hukuitaja, lakini niliisikia ikipumua kwenye simu. Wewe uliletwa kwa ajili ya mtoto huyo. Akienda shule, utakuwa wa nini? Utarudishwa ofisini kwa mawakala, ukae na begi lako miguuni ukingoja kafili mwingine, mwajiri usiyemjua.

Si hofu ya kijinga. Miaka yako ningekuwa nayo, nami ningelishika sinia.

Nilimwona Lujaini kwa macho yangu, unakumbuka, mwezi wa kumi na mbili, nilipokuja Jeddah na Asumpta na madam akaturuhusu tukae nawe jikoni saa moja. Mtoto alikuja akanusa leso yangu, akaikubali. Akachukua chungwa dogo, akalimenya, akalitenganisha vipande, akawa ananitia mdomoni. Kila nilipotaka kuongea, kipande kingine. Asumpta alisema katika maisha yake yote hajaona mtu wa kuninyamazisha, na sasa amempata, ana miaka tisa.

Halafu madam akaingia. Aliona maji ya chungwa kwenye leso yangu akakimbia na kitambaa, akamfuta mtoto mikono, akanifuta mimi, akasema maneno ambayo Asumpta alinieleza baadaye: nisamehe mama, hajui anachofanya. Akambusu mtoto utosini, akaacha midomo pale muda mrefu. Monicah, yule si mwanamke mbaya. Ni mwanamke aliyeogopa. Namjua vizuri sana, nilishakuwa yeye.

Asumpta alinipeleka pia kwenye kituo anakofanya kazi hapa Riyadh, nikaone watoto kama Lujaini anaowahudumia. Vyumba vina rangi ya anga, na milango ina madirisha madogo ya duara, ukipita unaona kila chumba kama ndoto ya mtu mwingine. Kwenye kimoja mvulana alikuwa anapambana na soksi. Mwalimu alikuwa amekaa mbele yake, mikono ameifunga nyuma, kimya. Mimi nikauliza kwa sauti, huyu analipwa kumtazama mtoto akiteseka? Asumpta akaniambia, nyamaza Mama, anahesabu. Anahesabu mpaka kumi kabla ya kusaidia, na akifika kumi anaanza tena. Ile ndiyo kazi. Kuvisha soksi kila mtu anajua, kazi ni kuzuia mikono.

Nilicheka nikasema hiyo kazi ningefukuzwa siku ya kwanza. Tukarudi nyumbani. Lakini tangu siku hiyo kitu kimenikaa kifuani kama tonge lisiloshuka, na leo nitalitoa. Asumpta mwenyewe hajui ninachotaka kusema. Aandike tu.

Unajua kwamba Absalom hakusoma. Umekua ukisikia kwamba shule ya watoto kama yeye na Lujaini kule mjini ilimkataa. Kila mtu nyumbani anajua hivyo. Sasa sikia ilivyokuwa.

Mwaka ule Absalom alikuwa na miaka kumi na mmoja. Naibu wa chifu alikuja na mwanamke mmoja mgeni, amebeba kitabu kikubwa. Ujue kwamba kabla ya hapo tulikuwa tumepita njaa mbaya, na kila mara mtu mwenye kitabu alipokuja alikuwa ni wa mwolyo, mahindi ya msaada. Anauliza, una mbuzi? Ukisema ndiyo, jina lako linapitwa. Una akiba? Ukisema kidogo, linapitwa. Wanawake wote wa kijiji tulijifunza: mtu akija na kitabu, jibu ni hapana. Una hiki, hapana. Una kile, hapana. Asiye na kitu ndiye anayepewa.

Yule mwanamke akauliza, mtoto anajiendea chooni? Nikasema hapana. Anajiosha? Hapana. Analijua jina lake? Nikasema hapana, hata jina. Na wakati nasema hayo Absalom alikuwa anarudi na mbuzi, amevaa mwenyewe, anawaita kwa majina, na mbuzi wanamsikia. Nilikohoa kwa nguvu ili mgeni asigeuke.

Mwanamke akafunga kitabu. Akaniambia, pole mama, shule yetu inachukua wanaoweza kujisaidia wenyewe. Nilikuwa na nafasi moja.

Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwepo. Lakini naibu wa chifu alikuwa amesimama pale, ameshasikia hapana zangu zote, na niliona aibu kuitwa mwongo. Nikawakaribisha uji. Wakanywa, wakaenda. Nami nikanyamaza miaka thelathini.

Ijumaa, tarehe 8

Monicah, utaona mwandiko umebadilika. Huyu ni Protas, mume wa shangazi yako. Anaandika polepole kama mtu anayetoa mwiba, na amejaribu mara mbili kunilainishia maneno. Nimemwambia aandike nilivyosema au anipe kalamu nichore mwenyewe.

Jana Asumpta alipofika kwenye uji aliweka kalamu chini. Akanitazama. Unajua alikuwa na miaka sita siku ile, na alikua akiichukia shule ile, na chuki hiyo ndiyo iliyomsomesha mpaka akafika huku.

"Mama, miaka yote hii mimi naichukia ile shule."

"Najua."

"Ulijua, na ukaniacha?"

"Ndiyo."

Akaenda jikoni akaanza kuosha vyombo. Nikamwambia vyombo hivyo ni safi. Akasema, "Naona!" Akaviosha vyote, akavifuta, akaviosha tena. Mimi nikakaa pale nilipokuwa. Sikuomba chakula, na chakula hakikuja.

Protas alikaa nami. Ni mwanaume mpole, ananiita mama kama amenitoka tumboni. Alisema, "Mama, lakini ulifanya kwa kumpenda." Nikamwambia, Protas mwanangu, usinifunike na blanketi wakati sina baridi. Nilimpenda, ndiyo. Nikamlisha kwa mkono wangu, nikamfunga vifungo mpaka ndevu zikaota. Nilipokuwa nimeshasema hawezi, ilibidi nimfanye asiweze. Ningefanyaje? Ningemwacha ajioshe mbele ya majirani, halafu naibu wa chifu apite? Uongo ule nimeulisha kila siku kama ng'ombe.

Hapo Protas aliacha kuandika akafuta miwani. Ni yeye aliyelia, andika hivyo hivyo Protas.

Usiku wangu sitausema. Leo mchana, baada ya swala ya Ijumaa, barabara ilikuwa tupu na mwanga umelala chini kama paka, Asumpta akaja na simu mkononi. Macho mekundu. Akasema, "Halas, Mama. Tusiongee tena juu yake. Muulize mwenyewe."

Nikasema, "Nimuulize nini?"

"Kile chuo cha mjini nilichokwambia. Cha watu wazima kama yeye. Kama anataka."

"Nitajua tu, mimi ni mama yake..."

"Muulize."

Akampigia mama yako. Mirriam akaniamkia, akamwita Absalom, nikasikia kishindo cha miguu yake. Kwa kawaida mimi humwuliza umekula, umeoga, umevaa sweta, na kujijibu mwenyewe kabla hajavuta pumzi. Safari hii nilisema moja. Nikasema, Absalom, kuna chuo pale mjini, watu wakubwa kama wewe wanafundishwa kufuga kuku na kushona viatu, wewe ungependa kwenda?

Nikasikia mbuzi. Nikasikia upepo wa kwetu, Monicah, ule unaopita kwenye mabati. Nilifungua mdomo nimjibie, na Asumpta akanikandamiza goti kwa nguvu kweli, mpaka sasa linauma. Nikahesabu. Nilifika kumi, nikaanza tena, maana hesabu zangu zinaishia hapo.

Absalom akasema: "Kuku najua. Mimi nataka simu. Yangu. Yenye nyimbo."

Nikasema, simu?

"Simu. Sasa nina kazi, Mama." Akampa Mirriam simu, akaenda zake.

Tulicheka, mjukuu wangu! Nilicheka mpaka kitambaa kikadondoka kichwani. Asumpta akacheka na kulia, akaniegemea, na tangu jana ndiyo mara ya kwanza kuniegemea. Mirriam naye kule anacheka. Akatuambia kwamba tangu niondoke Absalom anakwenda dukani peke yake, anatumwa vitu vitatu, anarudi na vitu vitatu. Anafunga mbuzi. Anajifua. Mirriam alikuwa anaogopa kuniambia, eti nisije nikajisikia vibaya kwamba hanihitaji.

Miaka arobaini na mmoja nimelala na mtoto huyo nyumba moja. Ungeniuliza mimi Absalom anataka nini, ningekujibu nyama, na ningeapa. Simu singeitaja hata kwa kupigwa.

Sasa kalamu amerudi nayo Asumpta. Protas amepumzishwa.

Jana nilikuwa nimepanga kumalizia barua hii kwa amri. Nilitaka kukwambia: Jumapili simama mbele yao useme, anaweza hiki, anaweza kile. Lakini leo nimebadilisha. Na Asumpta hapa anasema hata ningetaka kukufundisha majibu asingeyaandika, kwa sababu utafiti wenye majibu ya kufundishwa unajenga darasa lisilomfaa mtoto yeyote. Ameshawaandikia wakubwa wa utafiti huo, bila kutaja nyumba yenu wala jina lako, kwamba kwenye nyumba zenye wafanyakazi wa ndani wamuulize na mfanyakazi, kwani yeye ndiye anayekaa na mtoto kutoka asubuhi hadi jioni. Sijui kama watasikia. Lakini kaandika.

Basi fanya hivi. Usingoje Jumapili. Mimi nilifungwa mdomo na aibu ya naibu wa chifu. Ukimsahihisha madam mbele ya mgeni, utamtia kwenye shimo lile lile nililoingia, na mtu akiwa shimoni anatetea shimo. Mwone mapema, siku moja alasiri, akiwa peke yake na roho yake imetulia. Usimpe hotuba. Mwambie tu, madam, Lujaini ana kitu anataka kukuonyesha. Mfungulie mlango wa jikoni, mtoto atoke na viatu vyake mkononi, akae chini mbele ya mama yake. Wewe rudi nyuma.

Madam ataruka kumsaidia. Mguse mkono kidogo, kwa heshima. Kama anakasirika, mwache akasirike. Kama analia, usimtazame usoni, tazama viatu. Mimi ningelia, halafu ningekasirika, halafu ningekwenda chumbani kufunga mlango. Umpe muda wa kufanya yote matatu.

Na Jumapili mama wa maswali akija, na akikuuliza wewe, sema ukweli unaoujua bila kuongeza chumvi. Lakini asipokuuliza, neno lako liwe moja tu: muulize Lujaini. Halafu nyamaza, hata kama kimya kinakuchoma. Hata wewe unayempenda usimjibie. Mimi nilimpenda Absalom zaidi ya pumzi, na bado ningekosea.

Huenda siku hiyo akagoma kuvaa viatu. Huenda akamwagia mgeni kahawa, akaimba, akakimbia. Huenda akasema hataki shule, anataka kitu ambacho mimi na wewe na mama yake hatujawahi kukiwaza. Kiandikwe hicho hicho. Asipopewa nafasi baada ya kuulizwa, tutahuzunika. Akikosa kwa sababu hakuna aliyemuuliza, hilo najua lilivyo, na silitaki likukalie kifuani mpaka uzeeke.

Juu ya kazi yako sitakudanganya. Sijui madam atafanya nini. Anaweza kukushukuru, anaweza kukurudisha ofisini. Ikiwa ni ofisini, Susan anayo namba ya Protas, atapiga siku hiyo hiyo, na Protas atakuja Jeddah mwenyewe. Amesema, na nimemfanya aseme mara mbili. Ikiwa ni kurudi nyumbani, rudi umenyoosha shingo. Baba yako akifoka, mwambie aje anifokee mimi, nitakuwa nimesharudi, viza yangu inaisha mwezi wa nne. Na kama utabaki hapo hapo na mtoto asubuhi akaenda shule, utapata saa mbili tatu za kukaa. Kaa! Hakuna aliyekufa kwa kukaa.

Msalimie Susan, mwambie ahsante kwa miguu yake. Msalimie madam, mwambie yule bibi wa leso yenye chungwa anamwombea, na kwamba naongea kwa wema. Lujaini mbusu mikono yote miwili. Baba yako na mama yako hawajambo. Absalom hakutuma salamu, alikuwa na kazi. Protas anakusalimu. Shangazi yako anakusalimu, na anasema anakupenda, na ameomba niliseme mimi, yeye aandike tu.

Mungu akufungulie milango ya nyumba hiyo kwa utulivu. Akupe sauti panapohitaji sauti, na akupe kimya panapohitaji kimya, maana mimi nilivichanganya. Akulaze usingizi mrefu, na ndani ya usingizi huo akuletee harufu ya mvua ya kwetu.

Ni mimi nikupendaye hata ninapokukaripia,

Susu yako,
Zipporah.

Alama hii ya wino ni kidole changu. Asumpta alitaka kuniandikia jina kwa herufi zake nzuri. Nilimwambia hapana, hapo nitaweka mwenyewe.